Mzee Hazimwi

Novemba 6

Nesi Varvara alinipa daftari hili niandike presha yangu asubuhi na jioni. Nimeandika siku mbili, nimechoka. Presha yangu iko juu, inajulikana, hata ng'ombe wanaijua. Nitaandika mambo mengine, kurasa zisiende bure.

Leo mto umeshika barafu sawasawa. Jirani yetu Prokopy amevuka na farasi wake akarudi salama. Mume wangu Gavril amesimama ukingoni muda mrefu akitazama ng'ambo, kule kisiwani ziliko nyasi zetu tulizokata Julai huku mbu wakitula. Nyasi za hapa nyumbani zitafika Januari, labda mwisho wake nikiwapunja ng'ombe kila mlo. Baada ya hapo ni kisiwa au kisu. Nina ng'ombe watano, na Madoa ana mimba.

Novemba 9

Gereji imelala upande zaidi. Kiangazi barafu ya ardhini iliyeyuka chini yake, ukuta wa nyuma ukapasuka, nami nikamwambia Gavril: usipoziba ufa utajenga ukuta. Akasema kesho. Sasa ukuta wenyewe umeondoka, jiko la kuni lililokuwa likipasha gereji limevunjika, na lori halina pa kulala. Litakaa nje chini ya dirisha letu, injini ikinguruma mpaka Machi. Kwenye baridi yetu ukizima nje, umezika.

Niseme jambo moja, maana atakayesoma ataniona nimepungukiwa. Nina wazee wawili hapa nyumbani. Mmoja ni mume wangu, ambaye namwita mzee kama kila mke wa hapa anavyomwita wake. Mwingine ni hilo lori. Kijiji kizima kinaliita Mzee tangu enzi za shamba la serikali, na Gavril ameliendesha tangu lilipokuwa na rangi. Hatujawahi kuchanganya. Mtu husikia tu ni yupi.

Novemba 14

Arobaini na moja. Hapa hatusemi chini ya sifuri, nani asiyejua?

Kelele.

Novemba 15

Kelele.

Novemba 21

Nimeutafuta mfarishi wa pamba alionishonea mama nilipoolewa. Nimepekua sanduku, nimepekua dari. Nimetoka nje nikaukuta umefunikwa boneti, umefungwa kamba kifuani kama mtoto mwenye mafua. Chini yake kadibodi mbele ya rejeta, na kandokando magunia.

"Gavril!"

"Ulikuwa haulaliwi," akasema.

Prokopy alikuwa hapo, hakosekani penye ugomvi wa watu. Akacheka mpaka ndevu zikadondosha barafu. "Shemeji, kubali tu. Gavril kaongeza mke. Anamfunika, anamnywesha, anaamka kumsikiliza kama anapumua."

"Mke mdogo angefua hata soksi," nikamjibu.

Walicheka wote wawili. Mimi sikucheka. Miaka thelathini na kitu najua namna mzee anavyoinuka kitandani akihisi baridi imefika gerejini. Nilipokuwa na uchungu wa kumzaa binti yetu Tuyara ilibidi nimwite mara tatu.

Desemba 3

Safari ya kwanza ya kisiwani. Asubuhi tairi zilikuwa bapa upande mmoja kwa kuganda, Mzee akaondoka akiruka kama kilema mwenye haraka. Kabla ya kuteremka mtoni Gavril alisimama penye mti wa sadaka ukingoni, akafunga nywele za mkia wa farasi kwenye tawi, na kuurushia mto chapati niliyompikia. Mto ulishe nao utakulisha, ndivyo tunavyofanya.

Amerudi na bodi imejaa. Nyasi zinanuka Julai. Madoa alianza kulia kabla hata lori halijaingia uani.

Desemba 5

Sina cha kuandika. Nimekamua, nimetoa samadi, nimeyeyusha barafu ya kunywa, nimelala.

Desemba 12

Rejeta inavuja. Gavril ameziba kwa bati na maombi, lakini yale maji ya dawa yasiyoganda yameishia kwenye theluji, na mengine hayapo mpaka yaletwe kutoka mjini baada ya sikukuu.

"Sasa atakunywa nini?"

"Maji. Kama sisi."

"Na akizimika?"

Alinitazama kama niliyetukana. "Mzee hazimwi," akasema.

Nimeongezewa kazi nyingine. Sasa nayeyusha barafu ya watu, ya ng'ombe, na ya lori.

Desemba 19

Arobaini na nane. Safari ya pili. Amerudi uso wa kijivu, akala kimyakimya, akalala ameketi. Nilimwuliza kifua kikoje. Akasema kifua ni chake.

Desemba 28

Tuyara amekuja kutoka mjini na mumewe kwa ajili ya mwaka mpya. Huyu mkwe wetu, Keskil, kazi yake ni kutengeneza simu. Ana vidole vyembamba kama vya msusi. Nilipomwona akishika shoka nilitaka kumwita Varvara akae karibu.

Si kijana mbaya. Ni heshima tu imemzidi. Kila nikiingia chumbani anasimama, kwa hiyo tangu afike hajamaliza kikombe cha chai. Haniangalii usoni, hanijibu ila "ndiyo, mama" na "sawa, mama". Desturi inataka hivyo, lakini hata desturi huwa inakaa chini kidogo ikapumzika.

"Mama, umwambie ajisikie nyumbani," Tuyara akaniomba.

Nikamwambia, "Keskil, jisikie nyumbani."

Akasimama. "Sawa, mama."

Januari 1

Tumekula, tumeulisha moto chapati yake, tumeombeana heri. Gavril alitoka nje mara nne kumsikiliza mwenzake.

Januari 7

Sasa nimepata kuketi. Naandika yote.

Ilikuwa juzi, hamsini na mbili, ukungu mzito hata banda la ng'ombe halionekani kutoka mlangoni. Gavril alikuwa amevuka kisiwani akarudi na shehena ya tatu. Alikula uji wa siagi vijiko viwili, akaangukia benchi na viatu vyake, akalala. Sijawahi kumwona akilala mchana na viatu. Nilichukua ndoo nikakamue. Mlangoni nikamkuta Keskil amevaa kofia, anatafuta kazi.

"Mama, nisaidie nini?"

"Hakuna," nikasema. "Wewe mwache mzee apumzike. Tangu alfajiri hajapumzika huyo, atatufia."

"Sawa, mama."

Nikaenda zangu. Bandani kuna joto na mvuke, ng'ombe wanatafuna, maziwa yanapiga ndoo, husikii ya nje. Nilikamua wote. Madoa alinikanyaga, nikamtukana, nikamwomba radhi. Kisha nikatoka na ndoo yangu, nikasimama uani.

Nilidhani ni masikio. Varvara aliwahi kuniambia presha inaweza kuziba masikio. Nikakohoa, nikajisikia nikikohoa. Nikasikia pumzi yangu yenyewe ikichakarisha hewani kwa kuganda. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Nikaharakisha kuelekea kwenye lori.

Keskil alikuwa kando ya lori. Alikuwa ameufunga upya mfarishi wa mama, ameuchomeka pembeni vizuri kabisa, kama kitanda cha hoteli.

"Nimemzima, mama," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akitabasamu. "Amepumzika."

"Umemzima nani?"

"Mzee. Kama ulivyosema."

Sikupiga kelele. Niliweka ndoo chini, na maziwa yalikuwa tayari yameota ngozi ya barafu. "Keskil mwanangu. Kwa nini hukuuliza mzee yupi?"

Tabasamu likamtoka taratibu. Alielewa. Akatazama viatu vyake. "Mama, ningekuulizaje? Nilishangaa. Hata mjini hatuzimi. Lakini nikasema mama ndiye mwenyeji, mama anajua."

Na ni kweli, angeniulizaje? Mkwe hamhoji mkwe. Nimemlea binti nikimfundisha hivyohivyo, na wao wamemlea mtoto wao hivyohivyo, wote tumefanya vizuri.

Kilichomwamsha Gavril ni kile kimya. Alitoka bila kofia. Hakuuliza nani. Alivua glavu akaweka kiganja kitupu kwenye rejeta, akakiacha hapo kama mtu anayempima mtoto homa, kisha akafungua bomba la chini la kutolea maji. Halikutoa kitu.

"Muda gani?"

"Mama alipoingia kukamua," Keskil akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto.

"Lete turubai," Gavril akamwambia. "Oktyabrina, sufuria kubwa. Mwiteni Prokopy na bomba lake la moto."

Basi tukaanza. Oili iliteremka kwenye ndoo ikiwa nzito kuliko asali, tukaichemsha kwenye jiko langu. Nyumba nzima, mikate, mapazia, nywele zetu, vyote vinanuka oili mpaka leo. Turubai likafungwa kulizunguka lori, chini yake karai la makaa. Gavril akalala mgongoni kwenye theluji juu ya ngozi ya farasi, Prokopy akipuliza moto, na Keskil akibeba makaa, akirudi, akibeba. Hakuna aliyemgombeza. Naona ingekuwa afadhali tungemgombeza.

Prokopy ndiye aliyepiga ukelele wa kwanza. "Kizibo! Gavril, kizibo cha ubavuni kimeruka!"

Nilidhani ndio mwisho. Kumbe ndiyo ilikuwa heri yetu. Barafu ilipovimba ndani ya injini ilikuta kile kizibo kidogo cha bati, ikakisukuma nje ikapumulia hapo. Kingekuwa kigumu zaidi, ingepasua injini yenyewe. Gavril akachonga kizibo cha mti, akakivisha kitambaa, akakigongomea. Jana mchana, tukiwa hatujalala, wakajaza oili ya moto, wakamimina maji ya moto kwenye rejeta, wakafunga betri iliyolala nasi ndani. Mzee alikohoa. Akakohoa tena. Akatema moshi mweusi mpaka banda likapotea, akaanza kunguruma.

Tulishangilia kama wendawazimu. Prokopy alimbusu Keskil. Nilimtafuta mume wangu, nikamkuta ameketi kwenye theluji ameegemea tairi.

"Nimechoka kidogo," akasema.

"Inuka, utaganda."

"Huu mkono," akasema, akautazama wa kushoto kana kwamba ni wa mtu mwingine.

Varvara alikuja na gari la zahanati. Walipomweka ndani, nilimshika mguu maana ndio uliokuwa karibu, nikasubiri aniambie neno. Aliinua kichwa akamtafuta Keskil.

"Asizimwe," akamwambia.

Gari likaondoka naye. Mimi hakuniambia kitu. Sitaficha, iliniuma.

Januari 10

Ni moyo. Hospitali ya wilaya wanasema atakaa, tena sana. Tuyara amekwenda kukaa naye siku chache, halafu atarudi kazini mjini. Keskil ameomba likizo bila kuniambia. Nimemsikia kwenye simu: "Hapana, bosi. Nina mgonjwa anayetaka kuangaliwa." Nilidhani anamsema baba mkwe wake. Kisha akatoka kwenda kupima oili.

Januari 13

Gavril amepiga simu mwenyewe. Sauti ndogo.

"Mzee anapumua?"

"Anapumua."

"Amekunywa?"

"Amekunywa ndoo nzima, anavuja kidogo kwa chini."

"Mfunike."

"Nimemfunika. Na wewe je, kifua?"

"Cha nini? Asubuhi mtingishe gia kwanza."

Nesi wa huko alichukua simu kunipa pole. Akaniuliza kama baba yangu ni mgonjwa wa siku nyingi, na kama nina wa kunisaidia kumgeuza. Nikamwambia nina mkwe.

Januari 17

Hamsini na tano. Nyasi zimebaki za kuhesabu kwa mikono. Nimeanza kuwapa ng'ombe nusu, wananitazama.

Januari 18

Mnunuzi wa nyama amepiga simu. Watu wananusa mbali. Amesema kwa upole kabisa kwamba ng'ombe waliokonda hawana faida kwa yeyote, bora mapema. Nikamwambia nitafikiri. Trekta la ushirika linabeba nyasi za ushirika mpaka Machi, Prokopy ana farasi mmoja na ng'ombe wake mwenyewe. Nimefikiri. Hakuna kingine cha kufikiri.

Januari 20

Leo nilitaka kumzima mimi.

Nimepanda humo ndani kuongeza joto, nikaketi kwenye kiti cha Gavril. Kina shimo lake, kiko kama amelala hapo sasa hivi. Injini inatetemesha meno. Nikamwambia lori, kwa sauti, mchana kweupe: wewe ndiye umemla. Miaka yote umemla usingizi, ukamla mgongo, sasa umefika moyoni. La kuvunda halina ubani. Nikuzime, niuze nyama, nimtunze mume wangu kama watu wengine, nilale. Nimeshika ufunguo. Nilichoka kiasi kwamba hata hasira ilikuwa kazi.

Lakini nikamfikiria Gavril akipiga simu kesho na kuuliza. Nimjibu nini? Na nikakumbuka siku ile uani, nilipotoka na ndoo na kusikia pumzi yangu peke yake. Niliogopa. Maisha yangu yote ya ndoa sauti hii imemaanisha kwamba mzee anarudi nyumbani, amekaribia mtoni, amepanda kilima, yuko uani, weka chai. Nilikuwa naichukia, kumbe ndiyo niliyokuwa nasubiri.

Nikaachia ufunguo. Nikashuka, nikavua koti langu la zamani la manyoya, nikalifunika juu ya mfarishi wa mama. Keskil aliniona. Kwa mara ya kwanza hakuangalia chini.

Januari 24

"Mama," Keskil amesema leo, amesimama bila shaka, "mimi leseni yangu ni ya gari dogo. Lori sijawahi."

"Keti."

Akaketi.

"Mimi niliendesha trekta la shamba la serikali miaka sita, kabla ya kumzaa mkeo," nikamwambia. "Kesho tunavuka."

Akasimama tena. "Sawa, mama."

Januari 25

Nywele za farasi tumefunga. Chapati tumeurushia mto. Mikono yangu imekumbuka klachi kuliko nilivyotegemea. Tumerudi na shehena ndogo, tulipakia wawili tu kwa uma, na Keskil amepasuka mashavu kwa baridi. Madoa alilia.

Nimempigia Gavril. Nikamwambia nyasi zimefika.

"Nani kaendesha?"

"Mkeo."

Akakohoa. Kisha akasema, "Gia ya tatu ina kiburi. Ibembeleze." Si kingi, lakini nimekichukua.

Februari 2

Kilima, mto, kisiwa, mto, kilima.

Februari 3

Mgongo.

Februari 11

Leo springi ya nyuma imekatika katikati ya mto, bodi imejaa. Chuma kwenye baridi hii ni biskuti. Lori likalala upande kwa kishindo, na kwa chini barafu ikajibu kwa ule mlio mrefu unaokimbia mpaka ng'ambo. Tukakaa bila kupumua. Barafu ilishika.

"Ni nini kimevunjika, sisi au mto?" nikauliza.

"Sisi, mama."

"Afadhali."

Simu haishiki pale. Kurudi kwa miguu ni kumwacha Mzee akinguruma peke yake saa nzima, na dizeli haikuwa nyingi. Tukashusha nusu ya nyasi juu ya barafu. Keskil akatembea mpaka kisiwani na shoka lake, yule ambaye nilitaka Varvara akae karibu naye, akarudi anaburuta gogo la mti mbichi la kuweka mahali pa springi. Tukainua kwa jeki, jeki ikateleza, tukainua tena juu ya ubao. Akaingia chini na kamba. Vile vidole vya msusi ndivyo vilivyoweza kupita kwenye uwazi ule, vyangu visingepita. Kila mara alivitoa akaviweka mdomoni, kisha akarudi.

Nilimshikia tochi na kumpa maelekezo. Vuta kulia. Si hiyo, ile ya mzee. Pitisha kwa juu. Si huko!

Ghafla sauti ikatoka chini ya lori: "Mama, na wewe husemi vizuri!"

Nikashusha tochi. Kamba ikaacha kusogea. Nadhani alikuwa anafikiria kubaki huko chini mpaka kiangazi.

"Unasema ile, hii, ya mzee, huko," sauti ikaendelea, ndogo zaidi, lakini ikaendelea. "Mtu anaelewaje? Hata siku ile. Ungesema baba. Ungesema Gavril."

Nilicheka. Sikumbuki nimecheka lini hivyo, nimeegemea bodi, machozi yanaganda kwenye kope. "Mkwe amenijibu! Prokopy angekuwepo angekufa."

"Nisamehe, mama."

"Usiombe msamaha, funga kamba. Na tangu leo ukinisikia nasema mzee, uliza yupi. Ni amri ya mama mkwe."

"Sawa, mama."

"Utauliza?"

Akafikiri. "Nitajaribu."

Tulipanda kilima tukiwa tumelala upande, na gogo likilia kila shimo. Zile nyasi za barafuni Prokopy amekwenda kuzichukua na farasi wake. Amerudi akisema ng'ombe wangu sasa wanakula kama kesi mahakamani, kila mtu kijijini ni shahidi.

Februari 12

Nimelala mpaka jua limetoka. Keskil alikuwa amekamua. Vibaya, lakini amekamua.

Februari 20

Gavril amepiga simu. Mzee anapumua? Anapumua. Nikataka kukata, akasema, "Oktyabrina."

"Nini?"

"Nilipokuwa garini siku ile, nilimwambia kijana asizimwe."

"Nilisikia."

"Nyumba ingekuwa kimya," akasema. "Wewe peke yako na kimya. Sikupenda."

Nilishika simu nikatazama dirishani, kule lori lilikosimama limefunikwa mfarishi na koti. Nimeishi na mtu huyu muda wote huo nikidhani analisikiliza lori tu. Nikamwambia ale vizuri.

Februari 27

Madoa amezaa. Jike. Yuko jikoni na sisi, miguu inateleza sakafuni. Keskil anamwita Kizibo.

Machi 5

Thelathini tu. Joto. Watu wanatembea makoti wazi.

Machi 9

Madaktari wamesema Gavril atarudi, lakini asiendeshe tena, asibebe, asigombane. Hilo la mwisho nimewaambia wanionyeshe dawa yake.

Tumezungumza kuhusu ng'ombe. Mwakani hatutaweza. Prokopy atachukua watatu nyasi za kiangazi zikiota, wakiwa hai, kwa miguu yao wenyewe. Madoa anabaki, na Kizibo, na ng'ombe mmoja mzee asiyetaka kuhama. Nililia kidogo, kisha nikakumbuka yule mnunuzi wa nyama, nikaacha.

"Na Mzee?" nikamwuliza kwenye simu.

"Akizimwa safari hii, asiwashwe tena," akasema. "Tusimlaze nje mara mbili."

Machi 18

Shehena ya mwisho. Kisiwa kitupu, kimebaki alama za uma kwenye theluji. Nimefungua zile nywele za farasi? Hapana, haziguswi. Nimeuaga mto kwa chapati mbili.

Machi 24

Gavril amerudi. Amepungua, nguo zinamvaa. Kizibo amelamba fimbo yake. Alikaa dirishani mchana kutwa akisikiliza, na mara moja akasema, "Umemzoesha gia ya tatu vizuri." Ni sifa kubwa kuliko alizonipa harusini.

Machi 27

Leo ndiyo siku. Kila mwaka baridi ikivunjika huwa napika chapati, moja inakwenda motoni na moja juu ya boneti, na mwaka huu Gavril atapanda kuzima injini aliyoiwasha Novemba. Tuyara amekuja pia. Prokopy alivaa kofia yake ya sikukuu.

Keskil alifungua kamba, akakunja koti langu, akakunja mfarishi wa mama. Una doa la oili katikati ambalo halitatoka. Nimeuweka kitandani hivyohivyo.

Gavril hakutaka kushikwa mkono. Alipanda mwenyewe, ngazi kwa ngazi, tukiwa wote tunatazama pembeni kwa adabu. Akafunga mlango. Tukarudi ndani tumwachie nafasi, nikasimama dirishani. Injini ilinguruma kidogo zaidi, akaikanyaga mara moja kama anayemsafisha koo. Kisha ikazimika.

Theluji ilikuwa inadondoka kutoka paani, tone, tone. Sikujua kuwa imeanza kudondoka.

Hakushuka. Nilimwona kupitia kioo, ameweka mikono yote miwili juu ya usukani, pumzi yake inatia ukungu kioo, inafutika, inatia tena. Analia au anaongea, kwa mbali ni kitu kimoja. Prokopy alivua kofia. Chai ilichemka, ikapoa, naye bado yuko humo.

"Mama," Keskil akasema nyuma yangu, "nikamshushe?"

"Hapana. Mwache mzee apumzike."

Akasema "sawa, m—" halafu akakwama. Niligeuka. Alikuwa ameketi, kikombe mkononi, masikio mekundu, ananiangalia usoni.

"Mzee yupi, mama?"

"Wote wawili," nikamwambia, nikarudisha birika motoni.